Kanyagio Lililotuletea Ugomvi Sebuleni

Mwezi huu tuna jambo la kuungama. Kwa wiki mbili tulimkaripia binti yetu bure. Kila jioni alipoketi kwenye piano ya umeme tuliyomnunulia kwa kujinyima, nyimbo za kwaya zilitoka zimevurugana, sauti ya kwanza haijaisha na ya tano imekwisha kupanda juu yake. Tulimwambia hajitahidi. Baba yake alianza kutafuta mnunuzi. Kumbe kosa lilikuwa sakafuni, kwenye kanyagio, au pedali kama wengi wanavyoliita, na wakosaji ni sisi.

Katika piano ya nyuzi, kanyagio la kulia huinua vipande vya sufu vinavyozizima nyuzi, ndipo sauti huendelea kulia hata kidole kikiondoka. Piano ya umeme haina nyuzi. Kanyagio la kawaida ni swichi tu ya kuiarifu mashine. Mashine nyingi huichunguza swichi hiyo zinapowashwa. Sasa, binti yetu huketi kwanza, mguu tayari juu ya kanyagio, kisha sisi ndio tunaowasha ukutani. Mashine ikaelewa kinyume: akikanyaga, sauti zinakatika, akiachia, zote zinalia.

Basi fanya hivi. Piano ikiwa imezimwa, chomeka plagi ya kanyagio kwenye tundu la nyuma lililoandikwa SUSTAIN au DAMPER, uisukume hadi iingie yote. Ondoa mguu, ndipo uwashe. Tundu la spika za masikioni huweza kuwa na upana uleule wa milimita 6.35, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kuchomeka. Kama sauti bado ziko kinyume, litazame kanyagio chini au ubavuni. Mengine yana swichi ndogo ya kugeuzia. Wenye makanyagio matatu yaliyofungwa kwenye stendi, plagi yenu ina umbo lake, msiilazimishe. La kushoto hupunguza ukali wa sauti. La kati hushikilia zile tu ambazo vidole vimezibonyeza wakati huo, na nyumbani ni nadra kulihitaji.

Kukanyaga nako kuna namna yake. Kisigino kibaki sakafuni. Mtoto asikanyage pamoja na vidole kama apigaye ngoma. Vidole vitangulie, mguu ufuate. Sauti zinapobadilika aachie wakati uleule vidole vinapotua, kisha akanyage tena. Katika nyimbo za sauti nne hilo hutokea karibu kila neno, na mwanzoni mguu huchoka kuliko mikono! Aanze polepole, mistari miwili tu.

Jioni ile tulimwomba binti yetu msamaha. Baba yake hakusema neno, ila alileta kipande cha zulia kuukuu akakitandika chini ya kanyagio, lisiteleze kwenye sementi.