Jembe la Adhabu na Afya ya Mwanafunzi

Katika shule nyingi nchini, mwanafunzi aliyechelewa hukabidhiwa fyekeo au jembe, na aliyefaulu jaribio huachwa darasani na kitabu chake. Hilo ni somo lisiloandikwa ubaoni, nalo hueleweka upesi: kazi ya mikono ni adhabu. Ndiyo maana mzazi wa Dakawa, ambaye mpunga wa bonde la Wami ndio uliomnunulia mtoto sare na madaftari, humwombea mtoto huyohuyo asije akashika jembe maishani.

Gharama ya matarajio hayo huonekana zahanati. Mwanafunzi wa darasa la mtihani huletwa akilalamikia kichwa au tumbo. Hupimwa malaria, haionekani, naye hurudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu. Ni nadra kuulizwa amelala saa ngapi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kila usiku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Anayelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri kwa masomo ya ziada amepata saa 5 tu, na ubongo ulionyimwa usingizi hushindwa kuhifadhi hata kile ulichokesha ukikisoma. Shirika la Afya Duniani hushauri pia walau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Katika kambi za masomo, hizo ndizo hukatwa kwanza.

Dakawa yenyewe ina historia ya kurejewa. Mwaka 1982 serikali ilikipa chama cha ANC cha Afrika Kusini ardhi hapo, wakati Mazimbu tayari palikuwa na chuo chenye jina la Solomon Mahlangu. Wengi wa vijana wake waliikimbia nchi yao baada ya Soweto, Juni 1976, wakiikataa elimu iliyowaandaa kuwa watumwa wa wengine. Dakawa yakawekwa mafunzo ya ufundi. Hata hivyo, wapo waliouona uhamisho wa kwenda Dakawa kuwa ni kushushwa hadhi. Ikiwa dharau hiyo iliwashinda hata watu waliojitolea kujenga jamii mpya, haishangazi kwamba Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1967, mahali pengi iliishia kuwa shamba la shule lisilo na somo ndani yake. (Waluguru nao, mwaka 1955, waliyakataa matuta waliyolazimishwa na wakoloni kuchimba milimani, ingawa udongo wa Uluguru ulihitaji kulindwa kweli.)

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi na shule bora, na mtaala ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari. Hatua zote mbili ni njema. Lakini amali itageuka jalala la wanaohesabiwa kuwa wameshindwa, endapo asubuhi mwalimu atafundisha kilimo na mchana atawaadhibu watoto kwa kilimo hichohicho.

Wala haitoshi kulisifu shamba. Mifereji ya mpunga hukaa konokono wa kichocho, na mbu huzaliana humo. Mtoto anayekojoa damu apelekwe kupimwa na kupewa prazikwanteli. Asiachwe kwa kudhaniwa kuwa yatapita. Bustani ya shule basi iwe mbali na mfereji, irutubishwe kwa mboji, ipandwe mchicha na kunde, na mavuno yaingie katika sufuria ya chakula cha mchana. Vipimo vya matuta yake vifanywe katika somo la hisabati, na aliyechelewa asipelekwe huko.

Muuguzi anaweza kuanza kesho, bila kusubiri waraka. Mwanafunzi mwenye maumivu ya kichwa yasiyo na homa aulizwe alilala na kuamka saa ngapi, alikula nini asubuhi, na lini mara ya mwisho alicheza. Majibu yaandikwe kwenye daftari lake la matibabu, kisha asomewe mzazi aliyemleta.