Mstaafu na Gari Lake la Zamani



Katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita, kustaafu kwa mtu hujulikana mtaani kwa dalili mbili. Ya kwanza ni kuonekana kwake msikitini katika swala ya Adhuhuri siku za kazi. Ya pili ni gari. Miezi michache baada ya kulipwa kiinua mgongo, lile gari la miaka yote huondoka uani, na jingine huingia mahali pake.

Mzee mmoja wa Kahama, aliyekuwa fundi mitambo mgodini hadi alipotimiza miaka 60, aliuza Hilux yake ya dizeli kwa mfanyabiashara wa mpunga. Lilikuwa gari la namba A, na mjini sasa yanapita ya namba E. Akanunua gari dogo la petroli lililotumika Japani. Halinywi mafuta mengi, wala halimpeleki gereji kila Jumamosi. Hata hivyo, kila mlio wa dizeli unapopita barabarani, yeye hugeuza shingo. Siku moja mkewe alimuuliza kwa upole: “Baba watoto, kinachokuliza ni gari au ni kazi?”

Swali la mama huyu linastahili kuzingatiwa na kila mstaafu. Gari lile halikuwa chombo cha mtu mmoja. Lilipeleka wajawazito hospitalini usiku wa manane, likabeba jeneza hadi makaburini, likabeba masufuria ya Maulidi na magunia ya choroko. Wakati wa masika lilizama katika udongo mweusi wa mbuga mpaka likavutwa na ng’ombe. Mwenye gari la namna hiyo ni mtu wa kugongewa mlango saa nane za usiku, na kugongewa mlango ni heshima. Leo mlango haugongwi, kwa kuwa majirani wanajua kwamba gari dogo halibebi jeneza. Anachokikosa mzee wetu ni kule kuhitajiwa.

Kupenda chombo cha safari si aibu. Katika Surat an-Nahl, aya ya 8, Allah (Subhaanahu Wata’ala) ametaja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na pia ni pambo. Mtume wetu (SAW) naye alikuwa na ngamia jike aliyejulikana kwa jina la al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Anas bin Malik (RA) anasimulia, katika Sahihi ya Bukhari, kwamba bedui mmoja alikuja na ngamia wake kijana akampita. Jambo hilo likawaelemea Waislamu, hata Mtume (SAW) akalitambua katika nyuso zao. Akawafahamisha kuwa ni haki juu ya Allah kwamba hakipandi juu kitu chochote cha dunia ila hukishusha. Ikiwa ngamia wa Mtume alipitwa, na Hilux itapitwa; na cheo cha kazini nacho kitapitwa.

Hatari huanza pale mstaafu anapotaka kuirudisha heshima ile kwa fedha. Ukanda wetu wa dhahabu una mtihani wake katika hili. Kijana ambaye duara lake limetema huweza kununua gari kabla hajaezeka nyumba, na mtaa humpima mtu kwa magurudumu yake. Mzee aliyekuwa mkuu wa kitengo huona haya kuonekana ndani ya gari dogo, basi huagiza kubwa kuliko lile aliloliacha. Nasi tukumbuke hesabu. Kanuni iliyoanza Julai 2022 iliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33 kabla ya kuongezwa baadaye. Sehemu iliyobaki huja kidogo kidogo kila mwezi. Mkupuo ukishaishia katika gari, pensheni ya mwezi ndiyo itakayonunua matairi, bima na mafuta, na ndiyo hiyo hiyo itakayonunua unga.

Kabla ya gari yapo mambo yaliyotangulia. La kwanza ni madeni ya watu. La pili ni Hijja, kwa yule ambaye hajahiji na fedha imemfikia baada ya madeni yake na matumizi ya wanaomtegemea. La tatu ni zaka. Gari la kutembelea halina zaka, kama alivyoeleza Mtume (SAW) kuhusu farasi wa Mwislamu. Lakini fedha iliyobaki benki, ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikapitiwa na mwaka wa Hijria, hutolewa asilimia mbili na nusu. Watu wa Geita hawahitaji kufundishwa gramu 85 ni kiasi gani.

Akishayatimiza hayo, mstaafu na akae na mkewe, wahesabu safari zao za sasa: msikitini, sokoni, kliniki, kwa wajukuu. Gari linunuliwe kwa safari hizo, na si kwa zile za mwaka 2005. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake kuhamishiwa katika mafuta. Hivyo anayetembea kidogo hulipa kidogo, na gari linalokaa uani halimlimbikizii deni la ada hiyo.

Na anayeuza la zamani aseme kweli. Hakim bin Hizam (RA) amepokea kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Kama injini inakula oili, mnunuzi aambiwe kabla hajahesabu fedha. Kisha umiliki ubadilishwe TRA, makosa ya dereva mpya yasije yakamfuata mzee nyumbani.

Kuhusu ule mlango usiogongwa, mzee wa Kahama amekwisha kupata njia. Gari dogo halibebi jeneza, lakini hubeba mgonjwa mmoja na msindikizaji wake. Amewaambia majirani baada ya swala ya Ijumaa kwamba simu yake iko wazi usiku, naye mfanyabiashara wa mpunga amekubali kuitoa Hilux panapotokea msiba. Gari lile bado linahudumu. Usukani tu ndio umebadilika mikono.

Tunapowasha gari tunasoma dua iliyomo katika Surat az-Zukhruf, ambayo humalizia kwa kukiri kwamba kwa Mola wetu tutarejea. Tuisome kwa mazingatio, katika gari kubwa na dogo. Allah awape wastaafu wetu afya, riziki ya halali na mwisho mwema. Amin.