Kumkwepa fundi rangi si kuokoa pesa

Kila mwaka sikukuu zikikaribia, maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam hujaa watu wanaobeba ndoo za rangi, rola na brashi, na wengi wao wana hesabu moja kichwani: fundi anataka hela nyingi kwa kazi ambayo hata kijana wa darasa la saba anaiweza, basi nitapaka mwenyewe na hela ya fundi ibaki mfukoni. Hesabu hiyo utaikuta Mbagala, utaikuta Tegeta, utaikuta kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji. Nami nasema ni hesabu ya kupoteza, maana inaanza kuhesabu kazi siku ya kuchovya rola, wakati sehemu kubwa ya kazi ya rangi inatakiwa iwe imeshakwisha siku hiyo.

Mtazame fundi rangi anayejua kazi yake. Siku za mwanzo hutaona rangi. Anakwangua, anaziba nyufa kwa puti, anapiga msasa, anafuta vumbi, anaacha ukuta ukauke. Ndiyo maana mwenye nyumba humwona mvivu. Akimwondoa na kujipakia mwenyewe, anaondoa na siku hizo zote. Anasogeza makochi katikati ya chumba, anamwaga rangi kwenye sinia, na jioni chumba kinang'aa. Picha inatumwa kwa ndugu. Masika yakiingia, rangi inavimba malengelenge chini ya dirisha, na aliyeokoa hela ya fundi anarudi dukani kununua ndoo ya pili.

Kosa la pili liko dukani kwenyewe. Mtu akishamkwepa fundi, roho ya kubana matumizi humtuma achukue na rangi ya bei ya chini kabisa, kisha aiongeze maji ifike mbali. Hebu tuhesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kuta za urefu wa mita 3, kina mita za mraba 42 za ukuta. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 38. Rangi nzuri ya maji, kwenye ukuta uliosawazishwa, hufunika takribani mita za mraba 10 kwa lita moja kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni mita za mraba 76, yaani lita zisizofika 8. Magaloni mawili ya lita 4 yanatosha chumba hicho, na bado wako wanaokinunulia ndoo nzima ya lita 20 kwa sababu hawakushika futi kamba.

Sasa chukua rangi ya bei ya nusu. Kinachofanya rangi nyeupe ifiche ukuta ni unga wa titani, na kinachoishikiza ni gundi iliyomo ndani yake. Vyote viwili ni ghali. Mtengenezaji anayetaka kuuza kwa bei ya chini hupunguza hivyo viwili na kujaza chokaa laini na maji. Ukipaka mkono wa kwanza unaona simenti, wa pili unaona madoa, wa tatu bado, na pengine ndio wa nne unaofunika. Umetumia zaidi ya lita 15 mahali pa 8, umelipa sawasawa na aliyenunua nzuri, na umefanya kazi mara mbili. Tena rangi hiyo haifutiki kwa kitambaa kibichi. Anayeegemea ukuta anaondoka na unga mgongoni. Ukiiongeza maji mengi unaikata gundi hata ile kidogo iliyokuwepo. Maelekezo ya ndoo nyingi huruhusu maji kidogo tu, mara nyingi yasiyozidi sehemu moja kwa kumi, na yapo hapo ubavuni mwa ndoo kwa ajili ya kusomwa.

Nyumba mpya zinaumia zaidi. Mtu amechoka kodi, plasta imepigwa wiki iliyopita, anataka kuhamia. Simenti huhitaji takribani siku 28 kukomaa, na katika siku hizo inatoa maji na ina ukali wa alkali unaoshambulia rangi. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya plasta mbichi, alkali ile huigeuza kuwa kitu kama sabuni, nayo inalainika na kuachia. Ukanda wetu wa pwani una tatizo jingine: matofali mengi yamefyatuliwa kwa maji ya visima yenye chumvi, na nyumba nyingi hazina kizuizi cha unyevu kati ya msingi na ukuta. Chumvi hupanda na maji, hutokea usoni mwa ukuta kama unga mweupe, na husukuma rangi yoyote iliyo mbele yake. Hapo hata rangi ya bei ya juu kabisa ni hasara tupu. Kipimo chake hakigharimu kitu: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote kwa gundi ya karatasi, kiache mpaka kesho. Ukikuta matone ndani yake, rudisha brashi stoo ukatafute maji yanatoka wapi.

Kuna na ule ukanda wa rangi ya mafuta uliozoeleka sehemu ya chini ya kuta za barazani, jikoni na korido. Mwenye nyumba akiuchoka, anapitisha rangi ya maji juu yake vivi hivi. Rangi ya maji haina pa kushika kwenye uso ule laini. Miezi michache baadaye inabanduka vipande vipande, na watoto wanaimalizia kwa kucha. Ukanda huo ulitaka msasa wa kuondoa mng'ao na praima ya kushikisha, kazi ya siku moja.

Na hapa lazima niseme jambo zito kuliko hela. Rangi nyingi za zamani za mafuta zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku rangi ya namna hiyo majumbani mwaka 1978, lakini katika nchi nyingi iliendelea kuuzwa kwa miongo mingi baadaye. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, ubongo wake ukiwa bado unakua. Anayejipakia nyumba ya zamani na kupiga msasa mkavu kwenye madirisha na milango, mlango wa chumba cha mtoto ukiwa wazi, anaipulizia familia yake vumbi hilo. Lowesha kwanza, tumia msasa wa maji, watoe watoto nje ya nyumba, kusanya uchafu kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio. Hili haliwezi kuachwa ili kuwahi sikukuu.

Nikirudi kwenye hela, Zanzibar inaonyesha hasara ya kupaka bila kuujua ukuta, kwa ukubwa wa mji mzima. Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa. Kuta hizo hunywa unyevu na kuutoa, na chokaa waliyopaka wazee iliuruhusu utoke. Akaja mtu wa siku hizi na simenti na rangi ya plastiki, akiamini amepata kitu cha kudumu. Unyevu ukafungiwa ndani, plasta ikaanza kuachana na mawe. Chokaa ilikuwa rahisi kwa bei na sahihi kwa ukuta ule. Aliyeidharau akatumia zaidi kuharibu.

Sisemi mwenye nyumba asiguse brashi. Nasema tumegawana kazi vibaya. Kukwangua, kuosha ukuta kwa maji na sabuni, kupiga msasa, kufunika sakafu, kuziba matundu ya misumari na kusubiri pakauke ni kazi zinazotaka uvumilivu kuliko ujuzi, nazo ndizo zinazokula siku za fundi. Zifanye wewe na vijana wako. Skimu ya kusawazisha ukuta, dari na kuta za nje za juu mwachie fundi, kwa makubaliano ya wazi. Ndiyo, wapo mafundi wanaotaja ndoo tano mahali pa tatu. Dawa yao ni futi kamba na hesabu niliyoionyesha hapo juu, kisha ununue vifaa mwenyewe. Ukifika nyumbani changanya ndoo zote za rangi moja kwenye chombo kikubwa kabla ya kuanza, maana ndoo mbili za jina moja zinaweza kutofautiana kidogo na ukuta ukaonyesha.

Na acheni kukimbilia Desemba. Huku pwani ni msimu wa vuli, hewa imejaa unyevu, mafundi wamebanwa. Kati ya Juni na Agosti, wakati wa kipupwe, mvua ni chache, jua halichomi ukuta hadi rangi ikauke kabla ya kusambaa, na fundi ana nafasi ya kukusikiliza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama mwaka huu hela yako inatosha nyumba nzima kwa rangi hafifu au chumba kimoja kwa rangi nzuri juu ya ukuta ulioandaliwa, chagua chumba kimoja. Vingine vitasubiri kipupwe cha mwakani, na hutalazimika kurudi kwenye hicho cha kwanza.