Kadi ya Pili Nyumbani

Wahenga walinena kwamba kukopa ni harusi, kulipa ni matanga. Siku hizi harusi hiyo yaweza kuchezwa na watu wawili, na matanga yakabaki kwa mmoja. Ndivyo ilivyo mwenye akaunti ya kadi ya mkopo anapomwongeza mkewe, mumewe au mwanawe katika akaunti hiyo. Jambo hili lina manufaa yake, lakini yafaa lieleweke kabla ya kutiwa sahihi.

Mfano wake ni nyumba ya sajini mmoja aliyepata amri ya kwenda Somalia, kama walivyokwenda askari wengi wa Uganda tangu mwaka 2007. Usiku wa kufunga mizigo alimkabidhi mkewe kadi yake ya mkopo, akamnong'oneza namba ya siri. "Mama Watoto," alisema, "likitokea la ghafula, utumie hii."

Mke aliigeuza kadi, akalisoma jina. "Baba Watoto, bunduki uliyoandikiwa humwazimi mtu. Hii nayo imeandikwa jina lako, mbona waniazima?"

Sajini alicheka, lakini neno la mkewe lilikuwa la haki. Benki humpa kadi na namba ya siri mtu mmoja tu. Anayempa mwingine, hata akiwa mke wa ndoa, aghalabu huwa amevunja mapatano. Na fedha zikipotea, benki yaweza kuyakataa madai yake. Isitoshe, muuza duka anayelinganisha jina na kitambulisho ana haki ya kuikataa kadi hiyo.

Njia iliyo sawa ni kuomba kadi ya nyongeza. Asubuhi yake wote wawili walikwenda benki. Ombi huletwa na mwenye akaunti mwenyewe, naye anayeongezwa huleta kitambulisho chake na kutia sahihi yake. Benki ikikubali, hupewa kadi yenye jina lake na namba ya siri yake peke yake. Benki nyingi hutoza ada kwa kadi hiyo ya pili. Yapasa kuuliza kiasi chake mapema.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba kadi mbili ni mikopo miwili, kumbe kisima ni kimoja na ndoo ndizo mbili. Ikiwa ukomo wa mkopo ni shilingi 2,000,000, mume akatumia 500,000 na mke 600,000, basi deni ni 1,100,000, na kilichosalia kwa wote wawili ni 900,000. Benki haitamwandikia kila mmoja fungu lake. Kwa kawaida deni lote humwangukia mwenye akaunti, hata kwa kitu ambacho hakukinunua wala kukiona.

Taarifa ya mwezi huonyesha deni lote na kiasi kidogo kabisa kinachotakiwa kulipwa. Kiasi hicho ni mtego kwa asiyehesabu. Tuseme ni sehemu 10 katika 100, yaani shilingi 110,000, na riba ni 3 katika 100 kwa mwezi. Atakayelipa hiyo tu atabakiwa na deni la 990,000, na mwezi mmoja utaliongezea riba ya 29,700. Viwango vya benki hutofautiana, lakini mwendo wa hesabu ni huo. Anayelipa deni lote kabla ya siku iliyowekwa kwa kawaida hatozwi riba kwa vitu alivyonunua. Lakini fedha taslimu zinazotolewa kwa kadi ya mkopo aghalabu huanza kutozwa riba siku ile ile, pamoja na ada.

Kwa hiyo mke wa sajini aliuliza maswali matatu. Je, kadi yangu yaweza kuwekewa ukomo wake mdogo? Je, kila matumizi yatatumiwa ujumbe kwenye simu ya mume wangu? Je, kadi ikipotea niarifu wapi usiku? Kisha akauliza la nne, ambalo sajini hakulitazamia: "Na Baba Watoto asiporudi?"

Karani alijibu kwa upole. Mwenye akaunti akifariki, kadi ya nyongeza hukoma pamoja na akaunti, na deni hudaiwa katika mirathi. Maana yake ni kwamba siku ile mjane anapohitaji fedha kuliko siku zote, ndiyo siku ambayo kadi haina kazi. Kadi ya nyongeza ni ruhusa ya kutumia. Si mali, wala si akiba.

Si neno geni. Nchini Marekani, kabla ya sheria ya mwaka 1974 iliyokataza ubaguzi katika mikopo, wanawake wengi wenye waume walinyimwa mkopo kwa jina lao wenyewe. Mwaka 1977 kanuni ikataka akaunti inayotumiwa na mume na mke iandikwe katika kumbukumbu za wote wawili. Walikuwa wamekwisha kuona kwamba mwanamke aliyetumia na kulipa miaka mingi kwa jina la mumewe alionekana, baada ya kufiwa au kuachwa, kama mtu asiyepata kukopa kamwe.

Sajini hakukasirishwa na swali lile. Kabla ya kutoka benki, mke alifunguliwa akaunti ya akiba kwa jina lake, na mume akaagiza sehemu ya mshahara iingie humo kila mwezi. Kadi ya nyongeza ikawekewa ukomo mdogo, kwa ugonjwa na safari ya dharura tu.

Juma lile lori lilipoondoka kambini, kadi ilikuwa sandukuni chini ya nguo. Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa pameandikwa kwa chaki siku ya kulipa, na chini yake daftari la shule limening'inizwa kwa uzi, tayari kwa hesabu ya kwanza.