Kifungo Kisicho na Hukumu

Liu Xia hakuwahi kushtakiwa. Mshairi huyu wa Beijing, ambaye pia ni mchoraji na mpiga picha, aliwekwa chini ya ulinzi nyumbani kwake Oktoba 2010 na hakuruhusiwa kuondoka China hadi tarehe 10 Julai 2018. Kwa karibu miaka minane hakuna hakimu aliyesikiliza kesi yake, kwa sababu kesi yenyewe haikuwepo. Kosa lake lilikuwa kuolewa na Liu Xiaobo.

Mumewe, mwandishi aliyeshiriki kuandaa Hati ya 08 iliyodai mahakama huru na mwisho wa utawala wa chama kimoja, alihukumiwa miaka 11 Desemba 2009. Alipotunukiwa Nobel ya Amani, Liu Xia alipelekwa gerezani kumpa habari. Tangu siku hizo walinzi wakakaa mlangoni kwake, na simu na intaneti vikakatwa. Huko Oslo tuzo iliwekwa juu ya kiti kitupu.

Katika hao wawili, naona mke alitendewa jambo la hatari zaidi kwa jamii. Mume alionewa, lakini alikuwa na hati ya mashtaka, idadi ya miaka na hukumu ya kukatia rufaa. Mke angekata rufaa dhidi ya nini? Sheria ya China yenyewe hairuhusu mtuhumiwa kuwekwa chini ya ulinzi nyumbani zaidi ya miezi sita. Mwaka 2011 jopo la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba kizuizi chake kilikuwa cha kiholela. Beijing huiita lawama ya aina hiyo kuingilia mambo yake ya ndani, lakini hapa ni sheria zake zenyewe zilizovunjwa. Baada ya mumewe kufa kwa saratani ya ini Julai 2017, ofisa mmoja alisema mjane huyo yuko huru. Miaka minne kabla, Liu Xia mwenyewe alikuwa amepaza sauti dirishani mwa gari akiomba watu waambiwe kwamba hayuko huru.

Siku hiyo alikuwa anatoka kwenye kesi ya mdogo wake wa kiume, Liu Hui, ambaye baadaye alifungwa miaka 11 kwa udanganyifu. Familia iliona ni kisasi. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga wakimwonya mtu mmoja. Serikali ikilifanya onyo hilo kuwa mbinu ya utawala, hakuna ndugu aliye salama.

Picha zake za wanasesere wenye nyuso za maumivu, alizopiga miaka ya 1990 mumewe akiwa kwenye kambi ya kazi, zilitolewa China kwa siri na kuonyeshwa Ufaransa mwaka 2011. Mwenyewe alikuwa kafungiwa ndani.

Hatimaye Ujerumani ilimtoa kwa mazungumzo ya chinichini, na wapo wanaosema njia hiyo inashinda kelele. Kwa mwanamke aliyekuwa anaumwa na kukata tamaa, ilikuwa sahihi. Ila kelele za waandishi wenzake ndizo zilizozuia asisahaulike hadi mazungumzo yakafika. Na ushindi huo ulikuwa nusu: Liu Hui alibaki China, na marafiki walieleza kwamba dada yake asingeweza kusema wazi akiwa Berlin kwa kuhofia usalama wa mdogo wake. Nchi zinazojadiliana na Beijing kuhusu mfungwa mmoja hazina budi kudai na usalama wa ndugu anaowaacha nyuma.