Msifukuze Maswali, Yaelekezeni

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya vikundi vya kusaidiana mambo ya simu na kompyuta, ambavyo siku hizi vimejaa katika WhatsApp na Telegram. Mimi ni mwanachama wa kikundi kimoja cha aina hiyo. Sikitaji jina, kwa sababu nia yangu si kuchongea bali kurekebisha.

Kikundi chetu kina masharti yake, na mojawapo ni kwamba maswali yasiyohusu ufundi hayaruhusiwi. Sina ugomvi na sharti hilo. Kikundi kisicho na mpaka hugeuka kijiwe. Mmoja anauza viazi, mwingine anabishana juu ya Simba na Yanga, na yule aliyeleta tatizo la simu yake hapati wa kumjibu. Ninalolalamikia ni jinsi mpaka wenyewe unavyowekwa.

Hivi karibuni mama mmoja, jirani yangu, alikosea tarakimu moja alipokuwa akituma fedha kwa simu, zikaenda kwa mtu asiyemjua. Akauliza kikundini afanye nini. Msimamizi alilifuta swali lake papo hapo, akaandika kwamba hapo ni mahali pa mafundi, si pa kulilia fedha. Wengine wakacheka. Haikupita saa moja, mtu akampigia simu akijifanya mtumishi wa kampuni ya simu. Akamwelekeza abonyeze hiki, kisha kile, mwisho aweke namba ya siri ili fedha zake zirudi. Mama wa watu akafuata, kumbe alikuwa akimtumia tapeli zile zilizobaki, zikiwamo za ada ya mtoto.

Lakini jambo la kushangaza ni kwamba wiki hiyo hiyo kijana mmoja aliuliza namna ya kubadili namba ya IMEI ya simu ambayo alisema ameiokota. Huyo hakufutiwa. Alijibiwa hatua kwa hatua, eti kwa kuwa hilo ni swali la ufundi! Kila mwenye simu anaweza kuiona namba hiyo kwa kubonyeza *#06#. Ndiyo inayowezesha simu iliyoibwa kufungiwa, na ndiyo iliyotumika Juni 16, 2016, simu bandia zilipozimwa nchini. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kuichezea. Je, ndugu wananchi, kati ya maswali haya mawili, ni lipi lililostahili kufutwa?

Mimi naonelea kwamba swali lisipimwe kwa kuangalia kama ni la kitaalamu au la kijinga. Lipimwe kwa kuangalia jibu lake litamsaidia nani na litamwumiza nani. Swali la mama yule lilihitaji maneno machache tu: wapigie sasa hivi huduma kwa wateja wa kampuni yako, na usimpe mtu yeyote namba ya siri. Jibu hilo lingewafaa wanachama wote.

Wenzetu waliotangulia walikutana na tatizo hili. Stack Overflow, ambayo Jeff Atwood na Joel Spolsky waliianzisha Marekani mwaka 2008, ilikusudiwa maswali ya watunga programu. Watu wakaja pia na maswali ya mitambo ya ofisini na kompyuta za nyumbani. Mwaka 2009 yakafunguliwa makao mengine mawili: Server Fault kwa mitambo, na Super User kwa kompyuta za watu binafsi. Hivyo swali lililopotea njia likapata pa kupelekwa. Hata hivyo, nao hawakukosa lawama. Mwaka 2018 wakuu wake walikiri hadharani kwamba wageni wengi hawakujiona wamekaribishwa. Basi mpaka mzuri bila lugha nzuri hautoshi.

Najua wasimamizi wetu wanajitolea bila malipo, na kwamba kujibu swali lile lile kila siku kunachosha. Ndiyo maana napendekeza waandike mara moja tu orodha fupi na kuibandika juu ya kikundi. Ionyeshe kwamba fedha zilizokosewa ni za kampuni ya simu. Namba ya tapeli hutumwa 15040. Anayetaka kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake abonyeze *106#. Na simu iliyoibwa ni ya polisi kwanza. Orodha hiyo iseme pia kwamba maswali ya kubadili IMEI au kufungua simu isiyo yako hayatajibiwa kamwe.

Asiye na elimu ya simu ndiye anayehitaji msaada kuliko sisi tunaojiita mafundi. Tukimfukuza mlangoni kwetu bila kumwonyesha pa kwenda, matapeli wako tayari kumpokea. Nawaomba wasimamizi wa vikundi vyote walifikirie jambo hili, na wajirekebishe kabla mwingine hajaumia.

Msomaji wenu,
Morogoro.