Mito ya Noeli: tuiweke wapi sasa?

Noeli imepita, Bonane imepita, na mu nyumba nyingi za Lubumbashi ile kazi ya kufunga salo imeanza. Marido mapya yanashushwa. Vitambala vinafuliwa na kupigwa pasi. Na ile mito ya kupamba viti, myekundu, ya rangi ya zahabu, yenye maua ao nyota, inaingizwa mu mufuko mukubwa wa plastiki na kusukumwa chini ya kitanda. Itatoka lini? Pasaka, kama kuko komunyo ya mutoto. Kama hakuna, ni kungojea tena mwezi wa kumi na mbili.

Sisi hatuchekeleye bamama wanaofanya hivi. Tunaisema ile mbele, sababu kuko wanaume wanaopenda kusema eti mito ni makuta ya kutupa. Baba yule yule, siku wakwe wanafika, ndiye wa kwanza kuuliza: "Sasa mito iko wapi?" Heshima ya salo ni ya nyumba nzima, hata kama makuta ilitoka mu likelemba ya mama peke yake.

Tena kupamba salo hakukuanza jana. Mu miaka ya 1920 Union Minière ilianza kutaka wafanyakazi wake wakae mu kambi pamoja na bibi na watoto, pahali pa kuja peke yao na kurudia kwao. Kiisha wanawake wakafundishwa kushona, kupiga pasi, kutia maua mu kitambala kwa uzi na sindano. Bibi zetu wa Kenya na Katuba walishika ile kazi, wakafundisha mabinti wao. Mu miaka ya 1970 salo ya mutu wa Gécamines ilikuwa na viti, radio, kitambala juu ya kila kiti, na mara nyingi picha ya mamba muntu ukutani. Mito ya leo, hata kama imetoka Uchina mu kontena, ni mutoto wa ile vitambala.

Kwa hiyo hatusemi mutu asinunue mito. Tunasema juu ya miezi kumi na moja ile mito inalala.

Kwanza, inalala wapi? Nyumba nyingi za kupanga ziko na vyumba viwili, na mu usiku salo ndiyo chumba cha vijana: viti vinasukumwa kwa ukuta, matela inatandikwa chini. Mufuko wa mito kumi unakamata pahali pa mutoto mumoja kulala. Na mutoto huyo huyo, akiwa na homa, akitaka kulaza kichwa yake kidogo mu kiti cha mbao, akivuta muto mumoja, atasikia: "Achia ile, ni ya bageni!" Sisi wote tumelelewa na hii sentensi. Lakini tuulizane: mugeni anakaa saa mbili, anakunywa Fanta yake, anaenda. Mutoto anakaa mwaka muzima. Kwa nini kitu cha laini mu nyumba kiwe cha yule anayepita?

Kiisha kuko mvua. Kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi na moja na inaenda mpaka mwezi wa tatu ao wa ine. Mutu anayefunga mito mu mwezi wa kwanza anaifunga wakati mubaya kuliko yote. Hewa iko na maji, ukuta uko na maji, na muto wenyewe umekaliwa mwezi muzima na watu wenye jasho na watoto wenye mafuta ya mandazi ku mikono. Unauweka mu plastiki, unafunga kamba sana juu ya mapanya na mende. Maji ya ndani hayana njia ya kutoka. Ukifungua, unakuta madoa meusi na harufu ya kuvu, na mutoto mwenye asma anaanza kukohoa. Mama anasema mito ya siku hizi haina nguvu. Hapana, mama, ni plastiki.

Lakini kitu kinachotufanya tuandike leo ni naftalini.

Mipira midogo myeupe, inauzishwa ku soko na mu barabara, na watu wanaitupa mu sanduku bila kuhesabu. Eti nondo hazitakula mito. Kwanza tuseme kitu ambacho muuzaji hatakuambia: mutoto wa nondo anakula sufi, manyoya, hariri, vitu vilivyotoka kwa munyama. Nguo ya polyester haili. Sponji ya matela haili. Pamba safi, anaipita. Sasa angalia muto wako: nguo ya polyester, ndani sponji ao polyester tena. Unalipa makuta kwa kufukuza mududu ambaye hakukuwa na njaa ya muto wako.

Kama ingekuwa hasara ya makuta tu, tungenyamaza. Ile harufu unayosikia ni naftalini yenyewe inayogeuka hewa, inaingia mu pua, na inaingia mu kila nguo iliyo mu sanduku. Na mu sanduku ya mito, mu nyumba zetu, kuko nini tena? Kuko blanketi ya mutoto muchanga, kofia yake, vitambaa vya kumufunga, vimewekwa tangu mutoto wa mbele, vinangojea anayekuja.

Watu wengi wa Afrika, wengi zaidi mu inchi zenye malaria kama yetu, wamezaliwa na upungufu wa kitu mu damu ambacho wadaktari wanaita G6PD. Hauonekane. Mutu anaweza kuishi nao miaka yote bila kujua. Mama anaweza kuupitisha kwa mutoto, na wavulana ndio unaokamata zaidi. Lakini mutoto wa namna hii akivuta naftalini, ao akifungwa mu blanketi iliyolala nayo, chembe nyekundu za damu yake zinaanza kupasuka. Macho yanakuwa manjano, mukojo unakuwa wa rangi ya chai kali, mutoto anapauka na anakosa nguvu ya kunyonya. Kwa mutoto muchanga, ile manjano ikipanda sana inaweza kuharibu ubongo, na inaweza kuua. Na wakati huo, mu nyumba, watu wanasema ni malaria, ao wanatafuta ni jirani gani aliangalia mutoto vibaya. Ulaya iliondoa mipira hii mu biashara tangu 2008. Kwetu inauzishwa pembeni ya bombo, na kuko watoto wameiweka mu kinywa juu walifikiri ni bombo.

Kwa hiyo mama mwenye mimba, ao mwenye mutoto muchanga, asingojee mwisho wa hii makala: atoe naftalini mu sanduku leo, afue nguo zote za mutoto, azianike inje mpaka harufu iishe kabisa. Na kama mutoto anageuka manjano, akimbie ku hospitali na aseme wazi kwa mudaktari kama naftalini ilikuwa mu nyumba. Mudaktari hawezi kunusa sanduku yako kutoka ku kazi yake.

Kuko tena moto, na hii tutasema kwa ufupi. Sponji ya mito inawaka mbio sana na moshi wake uko na sumu. Umeme ukikatika, buji inawekwa pembeni ya kitanda, na chini ya kitanda kuko mufuko wa mito. Kila mutu anaona mwenyewe.

Sasa tufanye nini? Mutu anataka salo ya Noeli ionekane ya Noeli, ni haki yake. Jibu letu ni la fundi wa nguo: muto ubaki mumoja, ubadilishwe nguo. Nguo nyekundu ya Noeli, nyeupe ya komunyo, ya kitenge kwa siku zote, yenye zipu ao vifungo nyuma. Mito kumi inajaza chini ya kitanda; nguo zake kumi, zimefuliwa, zimekauka na kukunjwa vizuri, zinaingia mu valize moja na pahali panabaki. Zifungwe mu kipande cha shuka ya pamba ya zamani, ile inapitisha hewa. Na mito yenyewe ibaki mu salo, watoto waikalie, kijana aweke kichwa juu yake usiku.

Mara moja kwa mwezi itolewe inje, ipigwe fimbo vumbi itoke, zaidi mu mwezi wa munane mpaka wa kumi, wakati vumbi nyekundu inaingia hata mu chumvi. Sponji isibaki mu jua kali siku nzima, juu jua linaigeuza manjano na kuivunja-vunja. Asubuhi inatosha, kiisha kivuli chenye upepo.

Bamama wengine watatuambia: mito ikikaliwa kila siku itazeeka. Ndiyo, itazeeka. Lakini itazeeka ikifanya kazi. Angalieni siku ya matanga: viti vyote vinatolewa inje, salo inabaki tupu, watu wanakaa chini. Pale hakuna mutu anayesema "ni ya bageni". Bibi muzee analetewa muto mbio mbio aweke chini ya mugongo, na hakuna anayeangalia kama ni ule wa zahabu. Kama tunaweza siku ile, mbona hatuwezi siku ya kazi?

Kwa wale wanaotaka kujaribu: mu mwezi wa pili mafundi hawana kazi nyingi, sare za masomo na robe za feti zimeisha. Ndio wakati wa kusikilizana bei.